Dakika Nane za Mirihi

Mirihi ni sayari tukutu. Usiku baada ya usiku inasogea taratibu miongoni mwa nyota kuelekea mashariki, kisha kila baada ya miaka miwili na miezi miwili hivi inapunguza mwendo, inasimama, inaanza kurudi ilikotoka. Inarudi nyuma kwa majuma kama kumi, nyekundu na angavu, halafu inasimama tena na kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Sayari nyingine nazo zina tabia hiyo, ila Mirihi imezidi. Tangu Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, hadi mwisho wa karne ya 16, kila mtaalamu wa falaki aliyejaribu kuitungia ratiba iliishia kumuaibisha, wakati mwingine kwa digrii kadhaa nzima za anga.

Ptolemy hakuwa mjinga, ingawa vitabu vya shule hupenda kumtaja pale tu panapotakiwa mfano wa kosa. Aliiweka Dunia karibu na kitovu cha kila kitu, akaipa kila sayari duara dogo linalobebwa na duara kubwa, na kurudi nyuma kwa Mirihi kukaelezeka. Mwendo ulipokataa kuwa wa kasi moja, akabuni nukta iliyo kando ya kitovu: mtu akiwa hapo ndipo ataona mzunguko wa duara kubwa ukienda sawasawa. Hesabu zilikubali, kwa kiasi chake. Lakini wasomi wa Kiislamu waliomsoma kwa makini hawakuridhika. Ibn al-Haytham, katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha mashaka juu yake: tufe la kweli, lenye mwili, litazungukaje sawasawa kwa kufuata nukta ambayo si kitovu chake? Nasir al-Din al-Tusi, aliyeongoza kituo cha falaki cha Maragha kilichoanzishwa mwaka 1259, alitafuta njia ya kuikwepa nukta hiyo kwa kutumia miduara miwili, mmoja ukibingirika ndani ya mwingine. Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za sala katika Msikiti wa Umayyad mjini Damasko, alitengeneza mfumo wa Mwezi ambao kimahesabu ni ule ule uliokuja kuonekana baadaye katika kitabu cha Copernicus, mtaalamu wa falaki wa Poland. Ulifikaje Poland? Wanahistoria bado wanabishana, na hapa si mahali pa kuwaamua.

Mwaka 1543 Copernicus alikihamishia kitovu kwenye Jua, na kurudi nyuma kwa Mirihi kukakoma kuwa kioja. Dunia iko kwenye njia ya ndani na ina mwendo wa kasi zaidi; inapoipita Mirihi, sisi tulio juu yake tunaiona Mirihi ikirudi nyuma. Ni wazo zuri mno, na ni kweli. Hata hivyo Copernicus hakuachana na miduara, na ratiba zilizotokana na kazi yake hazikuzishinda sana zile za kale. Isitoshe, hesabu zake alizianzia kwenye kitovu cha njia ya Dunia, mahali patupu karibu na Jua, wala hakuzianzia kwenye Jua lenyewe. Jua lilikuwa taa iliyowekwa karibu na katikati ya nyumba. Lilikuwa halina kazi nyingine.

Hapa ndipo ninapopenda kusimama kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo katika karne zote hizo karibu halikuulizwa: ni kitu gani kinachozisukuma sayari? Halikuulizwa kwa kuwa lilidhaniwa limekwisha jibiwa. Aristotle alifundisha kwamba vitu vya angani vimeumbwa kwa dutu tofauti na ya huku chini, na kwamba tabia ya dutu hiyo ni kuzunguka kwa duara milele. Sayari zilidhaniwa zimepachikwa kwenye matufe mang'avu, moja ndani ya jingine, na matufe ndiyo yaliyozibeba. Mtaalamu wa falaki alikuwa na kazi ya kutabiri. Sababu alimwachia mwanafalsafa. Kila mmoja alibaki upande wake wa ua.

Ua huo ulivunjwa na nyota yenye mkia. Mwaka 1577 ilionekana moja kubwa, na Tycho Brahe, mwana wa ukoo wa kitajiri wa Denmark, aliipima kutoka kisiwa cha Hven. Ilikuwa imeaminika kwamba nyota za namna hiyo ni moshi wa angahewa, chini ya Mwezi. Vipimo vya Tycho vilionyesha kwamba iko mbali sana kupita Mwezi, na kwamba njia yake inakatiza palepale ambapo matufe yalipaswa kuwepo. Basi matufe hayakuwepo. Sayari zilikuwa zinaelea patupu, na swali la kitu kinachoziongoza likarudi likiwa uchi.

Tycho hakulijibu. Alikuwa na kazi nyingine, na naamini ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Mfalme Frederick wa Pili alimpa Hven mwaka 1576, naye akajenga hapo kasri la kupimia anga, lenye vyombo ambavyo Ulaya haikuwa imepata kuviona: robo-duara ya shaba iliyokazwa ukutani, matufe, mikono mirefu ya kulengea nyota. Darubini haikuwepo, ilikuja baada yake kufa. Kila kitu kilipimwa kwa jicho tupu. Siri yake haikuwa ukubwa wa vyombo peke yake. Alipima kitu kimoja kwa vyombo kadhaa na kulinganisha. Alijua kwamba hewa inaupindisha mwanga wa nyota iliyo karibu na upeo wa macho, akatengeneza jedwali la kusahihisha. Waliomtangulia walizipima sayari katika siku maalumu tu. Yeye alizifuata njia nzima, mwaka hadi mwaka, kwa miaka ishirini. Akafikia usahihi wa dakika moja au mbili. Dakika hizi ni za pembe, wala hazihusiani na saa: digrii moja ina dakika 60, na Mwezi mpevu una upana wa dakika 31 hivi.

Mfalme mwingine aliporithi kiti, Tycho aligombana na wakubwa, akaondoka Denmark mwaka 1597 na kuishia Prague kwa Kaisari Rudolf wa Pili. Huko, mwezi wa Februari 1600, akampokea kijana wa Kijerumani wa miaka 28 aliyekuwa mwalimu wa hesabu mjini Graz, ambako Waprotestanti kama yeye walikuwa wakifukuzwa. Johannes Kepler alikuwa maskini, mwepesi wa hasira, na mwenye macho mabovu, kwa kuwa ndui ya utotoni ilimwachia uoni hafifu. Mtu aliyekuja kuvitumia vipimo bora kuliko vyote vya anga hakuwa na uwezo wa kuvipima mwenyewe.

Alipewa Mirihi. Longomontanus, msaidizi wa Tycho, alikuwa akihangaika nayo, na Kepler akaweka dau kwamba ataimaliza kwa siku nane. Ilimchukua karibu miaka mitano. Mwanzoni Tycho alimpimia takwimu kwa kijiko, kwani alijua thamani yake na hakuwa na nia ya kumgawia mgeni kazi ya umri wake. Kisha, Oktoba 1601, Tycho akafariki ghafla, na Kepler, kwa kukiri kwake mwenyewe, akazichukua daftari kabla warithi hawajashtuka. Sina la kumtetea. Lakini nashukuru.

Alianza kama wote waliomtangulia: kwa duara. Tofauti yake ni kwamba alilipima kila jambo kutoka Jua lenyewe. Aliliruhusu Jua likae kando ya kitovu, akairudisha ile nukta ya Ptolemy, akachagua siku nne ambazo Mirihi ilikuwa mkabala kabisa na Jua, na kuanza kutafuta duara litakalozikubali zote. Hapakuwa na njia ya moja kwa moja. Alikisia, akakokotoa, akarekebisha, akarudia. Ameandika kwamba alirudia hesabu hizo si chini ya mara 70, na kumwomba msomaji aliyechoka kuzisoma amhurumie yeye aliyezifanya. Mwishowe alipata mfumo uliokubaliana na siku zote kumi na mbili za mkabala alizokuwa nazo, na kosa lisilozidi dakika mbili. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuikaribia Mirihi kiasi hicho.

Kisha akaujaribu mfumo wake kwa vipimo vingine vya Tycho, vya siku ambazo Mirihi haikuwa mkabala na Jua. Ukakosea kwa dakika nane.

Dakika nane ni kama robo ya upana wa Mwezi mpevu. Ptolemy mwenyewe hakudai usahihi wa kupita dakika kumi, kwa hiyo kwake kosa hilo lisingekuwa kosa. Mtu mwingine angesema chombo kilitikisika, au msaidizi alisinzia, au hewa ilikuwa na ukungu, na angechapisha kitabu chake na kusifiwa. Mimi, nadhani, ningechapisha. Kepler alifikiri hivi: Mungu ametujalia mpimaji mwenye bidii kama Tycho, mpimaji huyo hawezi kukosea kwa dakika nane, basi aliyekosea ni mimi. Akautupa mfumo wote, na baadaye akaandika kwamba dakika hizo nane peke yake ndizo zilizofungua njia ya kuijenga upya falaki nzima.

Wanaosimulia habari za sayansi hupenda kumsifu mwenye wazo. Katika kisa hiki wazo lilikuwepo, na lilikuwa zuri, na lilifanya kazi kwa asilimia kubwa, na ukombozi ulikuwa katika kuliua. Kilichomwezesha Kepler kuliua ni imani yake kwa daftari za mtu mwingine, mtu ambaye hata hawakupatana vizuri alipokuwa hai. Ninavyoona mimi, hapo ndipo uelewa wetu wa uvutano ulipoanzia, zaidi ya karne moja kabla mzee Newton hajaanza kuwasimulia marafiki zake habari ya tofaa.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kepler aligundua kwamba hataijua njia ya Mirihi mpaka kwanza aijue njia ya Dunia, maana hapo ndipo tunapotazamia. Mirihi hulizunguka Jua kwa siku 687. Kwa hiyo, kila baada ya siku 687 inarudi mahali palepale angani, wakati Dunia iko mahali tofauti kwenye njia yake. Akachambua daftari za Tycho na kutoa vipimo vilivyotengana kwa siku 687, na kwa ujanja huo sayari inayokimbia ikageuka kuwa mnara wa taa usiosogea. Kutoka mnara huo akapima Dunia ilikuwa wapi. Ni kama aliamua kwenda kusimama Mirihi na kututazama. Akakuta Dunia nayo inakwenda mbio inapokuwa karibu na Jua na kuzembea inapokuwa mbali. Dunia ni sayari miongoni mwa sayari, yenye tabia zile zile.

Na kama kasi inategemea umbali kutoka Jua, basi Jua si taa tu. Jua ndilo linalofanya kazi. Kepler alikuwa amekisoma kitabu cha William Gilbert kuhusu sumaku, kilichotoka mwaka 1600, akawaza kwamba Jua linajizungusha na kutoa nguvu fulani inayozifagia sayari kuzunguka, nguvu inayofifia kwa umbali. Maelezo hayo si sahihi. Nguvu haizisukumi sayari kwa pembeni. Inazivuta kuelekea Jua. Haififii vile alivyodhani. Hata hesabu iliyompeleka kwenye kanuni yake ya pili, kwamba mstari kutoka Jua hadi sayari hufagia maeneo sawa katika muda sawa, ilipita kwenye makosa mawili yaliyofutana. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na bado linanishangaza: mtu aliyefuata sababu isiyo sahihi alifika mahali sahihi, kwa kuwa angalau aliuliza sababu, na kwa kuwa kila alipojibu alirudi kwenye vipimo kuulizwa upya.

Mwaka 1605, baada ya kujaribu umbo la yai na kulikataa, akafika kwenye duaradufu, Jua likiwa kwenye fokasi yake moja: hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1609, kikiwa kimecheleweshwa na ugomvi wa warithi wa Tycho. Inafaa tujue duaradufu ya Mirihi imebanwa kiasi gani. Ukiichora kwenye karatasi ikiwa na urefu wa sentimita 20, upana wake utapungua kwa chini ya milimita moja. Jicho halitaona chochote isipokuwa duara. Miaka elfu mbili ya duara takatifu iliangushwa kwa chini ya milimita moja.

Katika utangulizi wa kitabu hicho Kepler aliandika jambo jingine, ambalo kwa watu wa mwambao lina uzito wa pekee. Alisema uzito ni tabia ya vitu viwili vyenye asili moja kuvutana ili viungane. Kwamba mawe mawili yakiwekwa mbali na kila kitu yangekaribiana. Na kwamba Mwezi unayavuta maji ya bahari, ndiyo maana yanajaa na kupwa. Galileo, mtu mkubwa na mkali wa akili kuliko wote wa zama zake, alilicheka. Katika kitabu chake cha mwaka 1632 alieleza kujaa na kupwa kwa kusema bahari inayumba kutokana na mwendo wa Dunia, na kushangaa kwamba mtu kama Kepler anaweza kukubali habari za Mwezi kuyatawala maji. Kwake huo ulikuwa ushirikina. Nadharia yake ilitaka maji yajae mara moja kwa siku.

Mvuvi wa Lamu au Kilwa angemsahihisha bila kusoma Kilatini. Maji yanajaa mara mbili, na kila siku yanachelewa kidogo, sambamba na Mwezi. Bamvua huja na Mwezi mwandamo na Mwezi mpevu. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Unguja, katika bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita nne, na wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani hupanga kazi yao kwa siku hizo, bahari inapojivuta mbali na kuyaacha mashamba wazi. Elimu hiyo ilikuwa pwani hii karne nyingi kabla ya Galileo, kama ilivyokuwa kwa mabaharia wa kila bahari yenye maji yanayokwenda na kurudi. Haikuwa nadharia ya uvutano. Ilikuwa ni kukubali kinachoonekana. Galileo alikosea kwa sababu alitaka sana Dunia iwe inazunguka, na bahari iwe shahidi wake. Dunia inazunguka kweli. Shahidi ndiye hakuwa yule.

Tusimdharau, hata hivyo. Bila Galileo kisa hiki kinakwama, kwani ndiye aliyeonyesha kwamba kitu kinachokwenda hakihitaji kusukumwa ili kiendelee, na kwamba kitu kinachoanguka huongeza umbali wake kwa kufuata mraba wa muda. Kepler hakuwa na la kwanza, na ndiyo maana alilazimika kutafuta ufagio.

Kepler alipata kanuni yake ya tatu tarehe 15 Mei 1618, miezi michache baada ya kumzika binti yake mdogo na siku chache kabla ya kuanza kwa vita vilivyoiunguza Ujerumani kwa miaka thelathini. Mama yake, Katharina, alikuwa tayari ameshatuhumiwa uchawi. Baadaye alifungwa minyororo kwa miezi 14, na mwanawe akaacha kila kitu kwenda kumtetea mpaka akaachiwa mwaka 1621. Kanuni yenyewe inasema: chukua muda wa sayari kulizunguka Jua, uzidishe kwa wenyewe, chukua umbali wake kutoka Jua, uzidishe kwa wenyewe mara mbili, uwiano wa hizo mbili ni mmoja kwa sayari zote. Mshtarii iko mbali mara 5.2 kuliko Dunia, na mwaka wake ni miaka yetu 11.86. Shika kikokotoo ujaribu. Utapata 140 na kitu kwa pande zote mbili. Kanuni hii inafanya kazi mpaka kwenye mapaa ya nyumba zetu. Setilaiti ambazo madishi ya televisheni yanazielekea ziko kilomita 42,000 hivi kutoka kitovu cha Dunia na huizunguka kwa siku moja. Mwezi uko mbali mara tisa na ushee, na kwa hesabu ile ile unapaswa kutumia siku 27 na kitu. Ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1680 mambo yote yalikuwa mezani, yakimsubiri wa kuyaunganisha. Robert Hooke, jijini London, alikuwa karibu sana. Katika barua alizomwandikia Isaac Newton mwaka 1679 na 1680, alipendekeza kwamba njia ya sayari ni mchanganyiko wa mwendo ulionyooka na mvuto wa kuelekea katikati, na kwamba mvuto hupungua kwa mraba wa umbali. Alichokosa ni hesabu ya kulithibitisha. Newton alikuwa nayo, na hakumsamehe Hooke kamwe kwa kulisema kwanza. Januari 1684, Hooke, mtaalamu wa falaki Edmond Halley na mjenzi Christopher Wren waliketi kwenye mgahawa wa kahawa wakilijadili swali hilo, na Wren akaahidi zawadi ya kitabu cha shilingi 40 kwa atakayeleta uthibitisho ndani ya miezi miwili. Hakupatikana mtu. Agosti, Halley akasafiri hadi Cambridge kumuuliza Newton: kama mvuto unapungua kwa mraba wa umbali, sayari itapita njia gani? Duaradufu, akajibu Newton, nilikokotoa zamani. Akaitafuta karatasi, hakuiona. Novemba akatuma kurasa tisa, na kurasa hizo tisa zikavimba na kuwa kitabu chake, Principia, cha mwaka 1687. Halley alilipia uchapishaji kutoka mfukoni mwake, kwa sababu Chama cha Kifalme, chama cha wanasayansi wa London, kilikuwa kimemaliza fedha zake kwenye kitabu kikubwa cha samaki ambacho hakikununuliwa, na nakala za kitabu hicho cha samaki ndizo alizokuja kulipwa kama mshahara. Kila taasisi ya elimu ina kitabu chake cha samaki.

Ndani ya Principia kuna hesabu moja ambayo kila mtu aliyemaliza sekondari anaweza kuifuata. Mwezi uko umbali wa nusu-kipenyo 60 za Dunia kutoka kitovu chake. Kama uvutano unapungua kwa mraba wa umbali, basi kule uko dhaifu mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Jiwe likiangushwa hapa chini hushuka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi nao, kama ungeachwa uende zake, ungenyoosha njia. Kitendo cha kuizunguka Dunia ni kuanguka kutoka kwenye mstari huo mnyoofu. Unaanguka kiasi gani? Mita 4.9 kwa dakika. Dakika ina sekunde 60, umbali wa kuanguka hukua kwa mraba wa muda, 3,600 inafuta 3,600. Kinachoangusha embe ndicho kinachoushika Mwezi. Newton alikuwa amejaribu hesabu ya namna hii ujanani, wakati tauni ilipokifunga Chuo cha Cambridge, na ikakubali kwa kukaribia tu, maana kipimo alichokuwa nacho cha ukubwa wa Dunia kilikuwa na kosa. Jean Picard alipoipima Dunia upya huko Ufaransa, karibu na mwaka 1670, namba zikakaa mahali pake. Mara nyingine tena mtu wa nadharia aliokolewa na mtu mwenye kamba ya kupimia.

Na bahari? Newton alimpa Kepler haki yake, na wavuvi pia: Mwezi na Jua vyote vinavuta, vinavuta kwa mstari mmoja siku za mwandamo na mpevu, ndipo bamvua, vinavuta kwa pembe mraba Mwezi ukiwa nusu, ndipo maji mafu.

Principia ilileta pia habari isiyopendeza. Ikiwa kila kitu kinavuta kila kitu, basi Mshtarii inaivuta Mirihi, na njia ya Mirihi si duaradufu kamili. Kanuni za Kepler ni za kukaribia. Natamani ningejua angesema nini, yule aliyetupa kazi ya miaka kwa ajili ya dakika nane. Kama vyombo vya Tycho vingekuwa vibovu zaidi, Kepler angebaki na duara. Kama vingekuwa bora mara kumi au ishirini, angeziona hitilafu zinazoletwa na Mshtarii na huenda asingeipata duaradufu kamwe, akizama katika vijikosa asivyoweza kuvieleza. Usahihi wa Tycho ulikuwa wa kiasi kilekile kilichohitajika. Huo ni bahati, na sidhani tuupe jina lingine.

Newton naye alikuwa na deni lake dogo. Mwaka 1859 Urbain Le Verrier, ambaye miaka kumi na mitatu nyuma alikuwa ameionyesha dunia mahali pa kuitafuta Neptuni kwa kutumia hesabu za Newton tu, alitangaza kwamba njia ya Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, inageuka kuliko inavyopaswa. Hesabu ikaja kutulia kwenye sekunde 43 za pembe kwa karne nzima, sekunde ambazo 60 kati yake ndizo zinazotengeneza dakika moja ya Tycho. Wengine walibuni sayari isiyoonekana ili waziokoe kanuni. Mwaka 1915 Albert Einstein alizipata sekunde zote 43 kutoka katika nadharia mpya ya uvutano, bila kuongeza sayari wala kurekebisha chochote.

Nina ombi kwa walimu wa fizikia. Kanuni hizi tatu hufika darasani zikiwa sentensi tatu za kukariri, na mwanafunzi hapati kujua kwamba kuna mtu alizitolea jasho. Kabla ya kuziandika ubaoni, wape wanafunzi vipimo vya Mirihi viwili viwili, kila jozi ikiwa imetengana kwa siku 687, karatasi, bikari na kipimapembe, waichore njia ya sayari kama Kepler alivyoichora. Hawataiona duaradufu, kwa sababu penseli ni nene kuliko tofauti yenyewe. Wataona kwamba Jua haliko katikati.